Si Mimi Niliyechagua Pale Tulipoegesha Gari Tiwi

Ametuandikia mfuasi wetu aliyeko Oman. Jina lake tunalijua sisi tu. Msomeni mpaka mwisho kabla hamjamjibu.

Shikamooni wakubwa, na wadogo zangu hamjambo. Admin, usiniwekee hata herufi ya kwanza ya jina langu, maana wajukuu wa wifi yangu wote wamo humu.

Nina miaka sitini na sita, naishi Nizwa. Nimezaliwa Unguja, tukahamia Oman nikiwa msichana, katikati ya miaka ya sabini, nikaolewa na mtu ambaye wazee wake walitokea Tabora. Wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, hakunitaka tokea siku ya kwanza. Alisema sisi wa Unguja tunajiona, na kwamba hata Kiswahili chetu ni cha kujishaua.

Mwanzoni mwa miaka ya themanini mume wangu alinunua gari refu lenye vitanda na jiko ndani, kwa Mwingereza aliyekuwa anarudi kwao. Tukiliita karavani. Idi ile akasema twende Tiwi. Kuna mabonde mawili yenye maji, mawadi, yote mawili yako jirani na kijiji. Tungetafuta pahala pamoja tu pa kuegesha, leo tutembee hili, kesho lile. Tulikwenda mimi na yeye, wifi, mavyaa wangu, yaani mama yao, na mwanangu wa kwanza ambaye alikuwa hajatimiza mwaka. Mpaka Ibra na Sur njia ilikuwa nzuri. Kutoka Sur kupita Qalhat ilikuwa mawe na vumbi, na kila gari liliporuka wifi alinitupia jicho, kama kwamba njia nimeitandaza mimi.

Tulipofika, nikamuuliza bibi mmoja wa pale, kwa Kiarabu changu kibovu, wapi watu hulala. Akanionyesha uwanja wa changarawe juu, baina ya mawadi mawili. Hauna kivuli na upepo wa bahari unapiga, lakini ni salama. Akasema chini kwenye mitende tusilale hata mbingu zikiwa nyeupe, maana mvua hunyesha milimani na maji hufika huku bila wingu. Akaniambia na dalili yake: maji yakianza kuwa mekundu kama chai ya maziwa, nisingoje kitu.

Nikarudi garini nikawaeleza. Wifi akacheka.

"Tangu lini mtu wa kisiwani akajua mambo ya wadi? Mama hatakaa juani kwa ajili yako."

Mume wangu akanitazama, akamtazama dada yake, akalishusha gari bondeni.

Usiku ule haukutokea kitu. Asubuhi wifi akaniuliza mbele ya mama yake, maji yangu yako wapi. Wakati wa chakula cha mchana akaniuliza tena. Nilikuwa nimejaa sumu mpaka kooni.

Kabla ya alasiri mume wangu alikuwa amelala garini, wifi anasugua sufuria, mavyaa ameteremka kutia udhu. Mimi nimekaa juu ya jiwe, mtoto mapajani, miguu majini. Nikayaona maji yanageuka rangi. Nilijua papo hapo.

Hapa nawaomba msome pole pole. Nilimchukua mwanangu nikapanda juu, na sikumwita mtu. Nilitaka maji yawafikie miguuni, yachukue sufuria, wifi aje mbio nguo zimemganda mwilini, na mimi nimekaa namtazama. Nilidhani yatapanda kidogo kidogo. Kisha nikasikia mngurumo kama lori linamwaga mawe, ndipo nikapiga kelele. Wifi aliwahi kupanda. Mume wangu aliamka akamdaka mama yake mkono, lakini maji yalikwishampiga na jabali, nyonga imevunjika. Gari lilikwenda baharini.

Hospitali Sur, jamaa walipokuja, wifi akasema mbele yangu kwamba mimi ndiye niliyechagua pale, nilitaka kivuli cha mtoto wangu. Nilimtazama mume wangu. Akatazama sakafu. Tuliporudi nyumbani akaniambia, "Mwache, ana uchungu wa mama yake. Mimi na wewe tunaujua ukweli."

Mavyaa hakutembea tena. Miaka tisa nimemwosha, nimemgeuza, nimemlisha kwa kijiko. Siku ile garini alisikia yote niliyowaeleza, na hakumsuta binti yake hata mara moja. Wageni wakija alinyoosha kidole akisema, "Huyu ndiye aliyeniweka kitandani." Mpaka amekufa sijui alikusudia pahala pa gari, au aliniona ninavyopanda.

Mwezi uliopita, kwenye posa ya mjukuu wangu, wifi akakihadithia tena kisa kile, wakwe wapya wanasikiliza. Nikamwambia mume wangu ama aseme ukweli ama nakwenda kwa binti yangu Ibra. Nikaenda.

Juzi amenifuata. Amezeeka. Amesema Ijumaa hii atawakusanya watoto wote, awaambie kwamba pale alichagua yeye na dada yake, na aniombe radhi mbele yao. Wifi amenipigia simu akilia, anasema namvunjia heshima uzeeni. Nilimkatia, na simwonei huruma.

Binti yangu amenishika mkono akasema, "Mama, umevumilia mengi." Nikamwitikia ndiyo.

Msiniambie nimsamehe wifi, hilo sikuliuliza. Siku zile nilikuwa namwogopa yeye, leo naogopa Ijumaa. Mume wangu hajui kwamba nilitangulia kuyaona maji. Hakuna ajuaye ila nyinyi sasa. Akishamaliza kuniomba radhi, nami niseme langu, watoto wangu wanijue, au nikae nipokee? Nishaurini, maana leo ni Jumatano.