Mayai ya Murera na Mashine Iliyomtaka Mama Yake

Saa mbili asubuhi, jua la Murera bado halijapata nguvu, lakini Ndambuki ameshalowa jasho. Ameinamia kompyuta ndogo, ndogo kweli, kama kipande cha sabuni ya kufulia. Nyuma yake mayai mia moja na themanini yamelala kwenye trei, na Mama Njau anayageuza moja moja kwa vidole, kama mtu anayechagua nyanya sokoni akijua hatanunua.

Maandishi meupe yanapanda mbio kwenye kioo. Mama Njau anayakazia macho.

“Inasemaje?”

“Inajijenga, shosho.”

“Tangu juzi inajijenga. Hata kanisa letu lilijengwa likaisha, na vile tuligombana.”

Ndambuki anageuka ajibu. Kioo kinakuwa cheusi. Anaiwasha upya.

Ndambuki, mwenye umri wa miaka 34, ni mzaliwa wa Ngoliba na fundi wa kompyuta huko Mwihoko, ambako kibanda chake kimebanwa kati ya saluni na muuza chipsi. Hakusoma chuo kikuu. Alisomea nje yake, kwenye hosteli za Kahawa Wendani, akiwatengenezea wanafunzi laptopu. Aliyekosa cha kumlipa alimfundisha alichojua.

“Wengine walinifunza uongo,” anasema. “Lakini hata uongo wa kompyuta, ukiujaribu, unakuonyesha mahali ukweli hauko.”

Ujuzi huo ndio uliomleta kwa Mama Njau, mjane anayeangulia watu vifaranga, ambaye yeye humwita shosho, yaani bibi. Kina mama wa kanisani humletea mayai yao, kila mmoja akiwa ameyaandika herufi za jina lake kwa penseli. Miaka miwili iliyopita, Ndambuki alimtengenezea mashine ya kuangulia inayopima joto na kugeuza mayai yenyewe, ikiongozwa na kompyuta ndogo.

Ilifanya kazi vizuri mno. Na hapo ndipo shida ilipoanza kutaga.

“Nilikuwa na kuku watatu wa kulalia mayai,” anasimulia Mama Njau. “Nikajiuliza, hawa wananikalia bure, na mashine iko? Krismasi ikafika, wajukuu wakafika. Unajua ilivyoenda.”

Wiki iliyopita stima ilipotea, kisha ikarudi kwa kishindo na kuiunguza ile kompyuta. Ndambuki alizunguka Thika akapata nyingine ya mitumba, ya aina tofauti. Programu ya mayai alikuwa nayo, ila ni maandishi tu. Ili yageuke kuwa kitu ambacho kompyuta mpya inaweza kufuata, kunahitajika chombo cha kujengea programu. Chombo hicho hakipatikani kikiwa tayari kwa kompyuta ya aina ile. Lazima nacho ukijenge kutoka maandishi yake ya asili.

Akafungua maelezo, akasoma mstari wa kwanza, akacheka peke yake. Ili ukijenge chombo hicho, uwe nacho kwanza, toleo la zamani.

“Ni kama kwenda kuomba kitambulisho, unaambiwa uje na kitambulisho,” anasema.

Kinachomuuma ni kwamba alikuwa nacho. Enzi za Wendani alikijenga kwenye kompyuta ya aina iyo hiyo, akakihifadhi kwenye flashi. Mwaka jana akakifuta apate nafasi ya video ya ruracio, sherehe ya mahari, ya jirani yake Gathogo: saa nzima ya wazee kuongea, na saa nyingine ya watu kula.

Alipomweleza Mama Njau, mama alisita na yai mkononi.

“Kwa hivyo ulimfuta mama yake ukaweka harusi?”

“Ruracio, shosho.”

“Na mimi nikakula kuku.”

Hakuna aliyemcheka mwenzake.

Ikabidi arudi nyuma kabisa, kwa toleo la kale lisilohitaji jingine. Ajenge hilo, nalo lijenge linalofuata, nalo lilizae la leo: nyanya, mama, mtoto. Nyanya akakubali. Mama akakubali. Kwa mtoto, kila mara, kioo kinakuwa cheusi.

Alidhani kosa liko kwenye maandishi. Akafuta, akaanza upya. Kibanda cha Mwihoko kimefungwa. Mkewe, Becky, anawaambia wateja wanaopiga simu kwamba mumewe ameenda kuatamia.

Asubuhi hii, kioo kinapozimika tena, Ndambuki anaishika kompyuta aichomoe. “Aiee!” Anaiachia ghafla, anapuliza vidole.

Ndipo anapotazama alipo. Ameiweka kwenye chumba cha mayai kwa sababu ndimo ilimo betri, ile inayowasha balbu za kuyapasha mayai joto stima ikipotea. Lakini chumba hiki kinachochewa joto usiku na mchana ili vifaranga wasife. Joto la kumfaa kifaranga linaichosha kompyuta inayofanya kazi nzito. Imekuwa ikijizima isiungue.

“Ilikuwa inazirai,” anasema, “na mimi naikaripia.”

Wanaihamishia jikoni, juu ya sinia lililowekwa kwenye sufuria ya maji baridi. Betri inafuata, maana waya ni mfupi na stima ya Murera haiaminiki. Balbu za mayai zinabaki kwenye stima tupu. Nyanya anajengeka. Mama anajengeka. Mtoto anaanza.

Baada ya chakula cha mchana, stima inapotea.

Ndambuki anasimama mlangoni, kati ya vyumba viwili. Akirudisha betri kwa mayai, kompyuta itazimika na kazi yote ianze tena. Akiiacha, mayai yatapoa.

“Shosho, amua wewe.”

“Ukirudisha, utamaliza lini?”

“Sijui.”

“Na mimi nimegeuza haya kwa mkono siku ngapi? Jana nililala nikiwa nimekaa, nikaamka yamepata joto hadi nikaogopa kuyashika.” Mama Njau anavuta blanketi la kitanda chake. “Iache imalize. Mungu, Ngai wetu, ataona mwenyewe.”

Anachemsha maji, anajaza chupa, anazipanga kati ya trei, anafunika kila kitu kwa blanketi na leso zake za kanisani. Hazitoshi. Kompyuta inamaliza jioni. Programu ya mayai inajengwa upesi, bila lawama hata moja. Stima inaporudi, mashine inawaka na kugeuza trei kwa adabu, kama isiyojua imechelewa.

Siku mbili baadaye wanayamulika mayai kwa tochi. Mengi ni meusi na hakuna kinachotikisika ndani; vifaranga wamekufa. Trizah, mama mmoja wa kanisani, amekuja kuuliza yake. Mama Njau anammulikia moja baada ya jingine, yote yenye herufi T.

“Ni sawa,” Trizah anasema, kwa ile sauti ya mtu ambaye si sawa. Anachukua kiondo chake kitupu na kuondoka bila kuaga.

Walioanguliwa ni vifaranga ishirini na watatu. Mama Njau aliwagawa kwa wenye mayai, naye akabaki na trei. Tangu hapo hakuna aliyemletea mengine.

Ndambuki amehifadhi chombo chake kwenye flashi tatu, moja ikiwa ndani ya mkebe wa sukari wa Mama Njau. Anapanga kukiweka mtandaoni bure, kikiwa tayari, ili fundi mwingine mwenye kompyuta kama ile asiatamie wiki nzima.

Kutoka Ngoliba alimletea pia kuku wa mama yake, mwekundu, mkali, anayedonoa yeyote anayesogelea kiota. Mama Njau alimweka kwenye kona ya chumba cha mayai, kando ya mashine, na chini yake mayai manne ya kuanzia.

“Sasa tusikizane, fundi,” alimwambia. “Ruracio ikija, wewe usiguse flashi. Krismasi ikija, mimi sigusi kuku.”