Mfalme ni Moja Tu

Juzi, barazani kwetu Bondeni, bingwa wetu wa sataranji, mzee wa makamo, alifungwa na simu. Bintiye, aliyeitunga programu ya sataranji iliyo simuni humo, akamwonyesha inavyouona ubao: kila aina ya kete na safu yake ya tarakimu sitini na nne, moja penye kete hiyo, sufuri isipokuwapo.

"Safu ya askari huisogeza tarakimu nane kwa mpigo, yaani mraba mmoja mbele ubaoni, baba, ikaona wote waendako."

"Na mfalme wangu?"

"Ana safu yake. Humo naye ni moja tu, kama askari."

Mzee akaitazama simu. "Nimefungwa na kitu kisichojua heshima ya mfalme?"

Kwetu aliyefungwa humwachia mshindi mto wake wa kukalia. Akainuka, akailaza simu juu ya mto wake taratibu. Sisi tunaojua heshima tuliinuka pia, tukabaki tumesimama. Hakuna aliyethubutu kuketi mzee akiwa amesimama.