Kona ya Bi Orpha

Siku niliyokwenda kumwomba Orpha Lindgren kona yake, nilimkuta juu ya paa akipigilia bati, na miaka yake sabini na moja. Kona hiyo iko pale barabara kuu inapokatana na njia ya maghala ya ngano, na hapa kwetu Kansas hakuna aendaye mjini bila kuipita. Mimi huuza fataki za Nne ya Julai, sikukuu ya uhuru. Hema langu lilitaka wapita njia.

Nilianza na kodi ya chini, kama ilivyo ada. Hakutaka hata kuisikia. Alitaka nimtengenezee paa kila mwaka theluji ikiisha, na kila mnunuzi apewe ndoo na apite mbele ya kiti chake kabla ya kuondoka. Nikaona nimeokota dodo.

"Sharti la mwisho," akasema, misumari mdomoni. "Siku mtu akiumizwa na fataki ya hapa, unang'oa hema."

"Watu wazima hao, Bi Orpha. Niwashike mikono?"

"Merle naye alikuwa mtu mzima."

Merle alikuwa mumewe. Aliinamia bomba la fataki lililogoma, atazame kulikoni, likalipuka. Tangu hapo alikuwa na jicho moja, na trekta ikaendeshwa na mkewe mpaka siku alipomzika.

Miaka minane Bi Orpha alikaa kwenye kiti chake cha kukunja akiwaambia wateja maneno yaleyale. Ndoo ijazwe kabla ya kiberiti kutoka mfukoni, na bia ingoje. Bomba lisimame pahali tambarare, mbali na mabua makavu. Fataki ikigoma usiiendee. Ipe dakika ishirini, kisha uitose majini. "Iliyonyamaza haijafa," alimalizia. Darrell, mkulima wa jirani, alimuuliza kama ndoo zake zinabatiza pia. Akajibiwa kwamba kwa kichwa kama kile ndoo moja haitatosha. Mimi nilimwacha aseme, maana ndoo za bure zilivuta wateja.

Mwaka wa tisa, jioni ya sikukuu, niliwasha fataki kubwa mpya ili wanunuzi waione. Utambi ukaungua wote, kimya.

"Mali yako imelala, mzee," Darrell akasema. "Iimbie basi."

Watu wakacheka, na mimi nikawaona wakirudi kwenye magari yao mikono mitupu. Dakika ishirini ningezitoa wapi? Nikaliendea bomba, nikalishika kwenye mdomo wake nilipindue.

"Gaylen, iache hiyo."

Niligeuza uso nimjibu Bi Orpha. Ikalipuka mkononi mwangu.

Alikuja kuniona hospitalini na mkate wa mahindi. Nikajaribu bahati yangu: mimi sikununua kitu, nilijichukulia tu, kwa hiyo sharti halinihusu.

"Nilisema mtu," akanijibu, akinikatia mkate. "Wewe si mtu?"

Sasa hema langu liko nyuma ya kituo cha mafuta, na wanaofika ni wachache. Kona imepandwa mtama. Bi Orpha hajapata fundi mwingine; juzi nilipita nikaona paa lake limefunikwa turubai la bluu, limefungwa kamba vibaya. Mkono wangu wa kulia una vidole vitatu. Turubai nililiona kwa macho yote mawili.