Mraba wa Buluu Uliogeuka Mweupe

Jua limeshatokeza juu ya miamba, lakini huku bondeni baridi bado inang'ata masikio. Verla Christoffersen, mwenye umri wa miaka sitini na mmoja, amesimamisha farasi wake mbele ya geti la chuma. Nyuma yake ng'ombe tisini na sita wanalia na kusukumana na ndama wao. Wamenusa nyasi mbichi za mlimani, hawataki kungoja.

Geti lina kufuli jipya.

Verla haligusi. Anatazama chini kwanza, aone alama za matairi: mapana, ya jana au juzi. Kisha anatazama nguzo za uzio. Kila moja imefungwa utepe wa rangi ya waridi.

"Mtu akifunga utepe, ujue ameshapima ardhi," anasema.

Haichukui muda pikapu nyeupe inafika. Anashuka mwanamume aliyevaa buti zisizo na tope, anajitambulisha kwa jina la Trent, msimamizi wa eneo.

"Mama, hapa ni mali ya mtu."

"Tangu lini?"

"Tangu Machi. Jimbo liliuza kwa mnada. Ulitangazwa."

"Ulitangazwa wapi?"

"Kwenye mtandao."

"Basi hilo ndilo kosa letu," Verla anamjibu. "Mimi na hawa ng'ombe hatukuingia mtandaoni."

Trent anacheka. Verla hacheki. Anamwuliza Trent huyo bosi wake aliyenunua anataka kujenga nini. Trent anasema hajui. Anamwuliza mara ya pili, kwa upole, na Trent anatazama pembeni.

"Hapo ndipo nilipojua kwamba anajua," Verla anasimulia baadaye.

Katika wilaya ya Tolman, kusini mwa jimbo la Utah, Marekani, geti huachwa kama lilivyokutwa. Ukilikuta wazi, unaliacha wazi. Ukilikuta limefungwa, unapita na kulifunga tena. Kwa miaka thelathini na minane Verla alipita hapa kila mwisho wa Mei, mwanzoni na marehemu mumewe, siku hizi na binti yake anapopata likizo. Hakuwahi kubeba ufunguo.

Siku hiyo aliwageuza ng'ombe. Njia ya kuzunguka, kwa barabara ya lami, ni kilomita thelathini na moja badala ya sita. Ilimchukua siku mbili, na ndama mmoja aligongwa na lori.

Lakini kinachomkosesha raha si ndama. Ni sahihi yake.

Agosti iliyopita, kwenye maonyesho ya wilaya, shemeji yake Delmar aliweka meza karibu na banda la mashindano ya pai. Delmar ni diwani, mdogo wa marehemu, na alikuwa akikusanya sahihi za kutaka ardhi yote ya serikali kuu ikabidhiwe jimbo. Verla alisaini bila kukaa. Alikuwa na hasira. Ofisi ya serikali kuu ilikuwa imempunguzia kibali cha malisho kutoka ng'ombe mia moja na arobaini hadi tisini na sita, kwa ajili ya kuwalinda kwale wa vichakani, ndege wanaozidi kupungua.

"Walinikatia ng'ombe arobaini na wanne kwa barua ya ukurasa mmoja," anasema. "Siku ile hata wangeniambia nisaini ardhi apewe shetani, ningeuliza tu kalamu iko wapi."

Jioni baada ya mkasa wa geti, alitandaza ramani mezani. Kila mfugaji wa huku ana ramani hiyo. Njano ni ardhi ya serikali kuu, buluu ni ya jimbo, nyeupe ni ya watu binafsi. Miraba ya buluu imetawanyika katikati ya njano, na jimbo huikodisha au kuiuza ili kupatia shule fedha. Ule wenye geti ulikuwa wa buluu. Akachukua kifutio, akaufuta mpaka ukawa mweupe. Kisha akaitazama njano iliyobaki, ambayo yeye mwenyewe alisaini igeuzwe buluu.

"Nikakosa usingizi," anasema.

Jumapili, baada ya ibada, Delmar alikuja kula. Verla alipika viazi vya jibini, vile ambavyo huku hupikwa misibani, maana anajua shemeji yake hawezi kuviacha na kuondoka.

"Shemeji, unaogopa kivuli," Delmar alimwambia. "Ni mraba mmoja tu."

"Sijakuuliza ni mingapi. Ulikuwa wa nani?"

"Wa jimbo."

"Na leo?"

Delmar alijiongezea viazi.

"Hii nyingine haitauzwa," alisema hatimaye. "Tutaweka kifungu kwenye sheria."

"Kiko wapi?"

"Kitawekwa baadaye."

"Baada ya nini, Delmar?"

Kwa mujibu wa Verla, hapo shemeji yake alianza kusifia viazi.

Verla analipa serikali kuu dola moja na ushei kwa mwezi kwa kila ng'ombe na ndama wake. Kwa jirani mwenye shamba binafsi, nyasi zilezile ni dola ishirini na tatu. Mwaka jana, baada ya gharama zote, alibaki na dola elfu kumi na tisa. Wakati wa baridi anapika kwenye jiko la shule ili kujazia. Njano ikigeuka nyeupe, anasema, atauza ng'ombe wote kabla ya majani kupukutika.

Habari zimeenea. Maren, ofisa wa serikali kuu, alipomkuta kwenye duka la vyakula vya mifugo alimpongeza kwa kubadili msimamo.

"Usifurahi, binti," Verla alimwambia. "Wale arobaini na wanne sijakusamehe. Delmar simwamini, na wewe sikuamini. Tofauti ni kwamba wewe najua ofisi yako ilipo."

Alhamisi kuna mkutano wa maoni kuhusu sheria ya kukabidhi jimbo ardhi, katika ukumbi wa wilaya. Delmar amepiga simu mara tatu akimwomba Dada Verla, kama anavyoitwa kanisani, akae mstari wa mbele na kofia yake, wapiga picha wamwone. Amekataa. Atakaa nyuma, karibu na mlango, mahali ambapo anaweza kuona nani anamnong'oneza nani.

Anakusudia kuomba jina lake lifutwe kwenye orodha ya sahihi kabla hajasema neno lingine. Kisha atauliza swali moja: sheria itakataza kuuza, ndiyo au hapana? Wakimwonyesha maandishi, atasaini tena palepale. Binti yake anataka kurudi nyumbani kufuga, na Verla angependa kumkabidhi kibali chenye nyasi.

Delmar anamsihi asubiri, mambo hayo yatashughulikiwa ardhi ikishapatikana.

"Nauliza sasa, wakati bado wananihitaji," Verla anasema. "Wakishaipata, nani atanipigia simu mara tatu?"