Mbwa Aliyelishwa Nyigu

Nilipokuwa mtoto, huko kwetu milimani juu ya Soni, ukali wa mbwa ulipikwa jikoni. Watu waliamini kabisa kwamba mbwa akilishwa nyigu, ukali wa nyigu unamwingia na hautoki. Basi kiota kilifukizwa moshi, nyigu wakatwangwa pamoja na pilipili kichaa, kisha uchafu ule ukachanganywa na ugali wa jana. Jirani yetu, Baba Amina, ndiye aliyekuwa fundi wa mambo hayo. Alikuwa na mbwa aliyemwita Chui, wa kulinda kabichi zake bondeni dhidi ya nguruwe pori. Nilimwona Chui akisugua ulimi kwenye majani huku analia, na Baba Amina ameshika kiuno, anacheka.

Na dawa ya nyigu ilikuwa nusu tu. Chui akitikisa mkia, anapigwa teke, eti mbwa wa kuchekacheka halindi kitu. Kabichi zikikosa mnunuzi sokoni, teke. Sisi watoto tukipita kwenda madrasa, Baba Amina anatuachia mbwa: "Kamata!" Tukikimbia na kuangukiana kwenye matope, yeye hoi kwa kicheko. Mtu mzima na ndevu zake!

Chui naye alijifunza. Alijifunza kwamba mtu akikusogelea, maumivu yanakuja. Siku Amina, binti wa yule bwana na rafiki yangu, aliponyoosha mkono kumwekea maji, mbwa alimng'ata.

Bibi yangu, mama wa baba yangu, ndiye aliyembeba Amina mgongoni mpaka barabarani, akapelekwa hospitali kuchomwa sindano. Baba Amina alikuwa ameshika panga ammalize mbwa. Bibi akamwambia, "Mwanangu, kama humtaki, nipe mimi." Akampa, huku anatema mate chini.

Bwana mifugo alisema Chui afungwe pembeni aangaliwe kama ana kichaa. Hakuwa nacho. Bibi hakuwa na dawa yoyote. Alikuwa mtu wa swala tano, na mbwa hakukanyaga kizingiti chake. Alimweka bandani karibu na mbuzi, akamletea makande asubuhi na jioni, akimwita kwa sauti ile ile ya upole, anaweka chakula chini na kwenda zake. Basi. Mvua za vuli zilipokwisha, Chui alikuwa analala na vitoto vya mbuzi vinamrukia mgongoni.

Ungedhani watu watafurahi. Thubutu! "Nyigu wamekwenda wapi?" wakaulizana bombani. Kwa imani yao, nyigu akishaingia hatolewi ila na mchawi. Na kama Bibi aliweza kuwatoa, basi ndiye aliyemtuma mbwa amng'ate mtoto. Wanawake aliowazalisha kwa mikono yake wakaanza kupita mbali na mlango wetu.

Ijumaa moja, baada ya swala, wazee wa kitongoji wakaja uani kwetu. Baba Amina mbele, na Amina nyuma yake na kovu lake mkononi, ameletwa kama ushahidi. Walitaka Bibi ahame, aache shamba alilozalia watoto wake wote. Wazazi wangu walikuwa wameshafariki. Mimi na yeye hatukuwa na pengine pa kwenda.

Chui alipomwona bwana wake wa zamani, alijikunja chini, akajikojolea.

"Mnaona?" Baba Amina akapaza sauti. "Mnaona anavyoniogopa? Amewekewa jini huyu!"

"Hakuna jini hapo, mwanangu," Bibi akasema. "Anaogopa mguu wako."

"Unanijibu mimi, mchawi we?" Akainua mkono juu.

Hakumpiga. Lakini nyuma yake Amina alikuwa ameshachuchumaa, mikono kichwani, macho ameyafumba. Gauni lake lililowa, na mkojo ukatiririka mpaka kwenye viatu vya wazee.

Wazee wakamtazama mbwa, wakamtazama mtoto. Mmoja akakohoa, akasema ana ng'ombe wa kukamua. Wakatawanyika mmoja mmoja. Habari ya Bibi kuhama haikutajwa tena, na hakuna aliyemwomba radhi.

Sasa mimi ni mtu mzima, nina watoto, na bado wapo vijana wanaotafuta viota vya nyigu. Juzi mmoja aliniambia mbwa wake kazaliwa na roho mbaya. Nilimtazama viatu.

Kuamini nyigu ni ujinga, na ujinga nausamehe. Lakini siku ile wazee wale walielewa. Niliwaona usoni. Walielewa vizuri kabisa, kisha wakaaga. Chui alibaki kwa Bibi mpaka akazeeka. Amina alishikwa mkono na baba yake, wakateremka kwenda nyumbani, na hakuna hata mmoja wetu aliyewazuia.