Ukoo Unajua Niko Ulaya, Kumbe Niko Mbamba Bay

Admin, nifichie jina tafadhali, maana kwetu siku hizi hata wazee wanasomewa ukurasa huu na wajukuu zao. Wakubwa shikamooni, wenzangu habari zenu. Mimi ni kijana wa kiume, nina miaka ishirini na saba, Mmatengo wa upande wa Mbuji, mtoto pekee wa mama yangu. Nafundisha shule moja ya binafsi hapa Mbamba Bay, na niko mwaka wa mwisho wa shahada ya uhasibu ya chuo kimoja cha Uingereza. Chuo ni cha kweli kabisa. Masomo yanakuja kwa posta na kwa intaneti, mitihani naifanyia Songea kwenye kituo chao, na karatasi zinarudishwa kwao kusahihishwa. Ndege sijawahi kupanda. Shida ni kwamba nyumbani wanajua nakaa Ulaya.

Ilianza hivi. Siku nilipopokelewa nilikuwa Songea, nikampigia baba simu nikamwambia nimepata chuo cha Uingereza, mengine nitamweleza nikifika. Baba hakungoja. Jioni ile ile akasimama kwenye sengu, pale kwa babu ambapo wanaume wa ukoo wetu wanakula pamoja na kuamua mambo yao, akatangaza kwamba mwanawe anakwenda Ulaya. Nilipofika kesho yake mambo yalikuwa yameshaiva. Baba mkubwa alikuwa ameshawagawia binamu zangu mashamba yangu ya ngolo, yale ya mashimo ya mlimani, wayalime mpaka nirudi, mama ameshanunua uzi wa kunifumia sweta, na padri ameshaombwa anitaje kwenye misa ya Jumapili.

Nilimvuta baba pembeni nikamweleza kuwa chuo hiki mtu anasomea hapa hapa nchini. Akasema chuo cha kusomea nyumbani watu watakiita cha mfukoni, si wanaona kila kitu siku hizi kinauzwa na kila mtu anafungua chuo. Tena neno likishasemwa sengu si lake tena, ni la ukoo. Kulirudisha lazima waitwe wote wakae, na yeye asimame mbele yao aulizwe kama mtoto.

"Nenda popote," akaniambia. "Ukimaliza rudi na shahada yako. Nani atakuuliza uliisomea wapi?"

Wakanichinjia nguruwe, wakaniimbia, wakanisindikiza mpaka Kitai kupanda basi la Songea. Nikakaa huko kwa rafiki siku chache, halafu nikapanda basi la kurudi, nikapita Mbinga mjini nimeshusha kofia mpaka puani, nikateremka huku ziwani, Mbamba Bay. Hiyo ndiyo Ulaya yangu. Mnaotaka kucheka chekeni, hata mimi mwanzoni nilicheka.

Mama hajui lolote. Baba ndiye anayepiga simu, kisha anampa. Mama ni mtu wa milimani, baridi anaijua, kwa hiyo swali lake la kwanza ni kama navaa sweta. Namjibu navaa, huku jasho linanitiririka na dagaa wangu wa usipa wako jikoni wanaungua. Ananilazimisha tuongee Kimatengo ili nisije nikakisahau huko kwa wazungu. Mwanzo nilikuwa nikikata simu natabasamu. Siku hizi nikikata nakaa tu, sina hamu hata ya kula.

Sasa wiki hii baba amenipigia akiwa peke yake. Mama amelazwa Mbinga, ana uvimbe tumboni, na kesho anafanyiwa upasuaji. Amekataza nisiambiwe. Nilimwomba baba arudi wodini anipe mama niongee naye kama kawaida, akampa simu. Mama akaniambia yuko shambani anachuma kahawa, mwaka huu imekubali sana. Nyuma yake nilimsikia muuguzi akiwaambia ndugu wa wagonjwa watoke nje, daktari anapita. Mimi nikamwambia huku theluji imeanza. Tukaongopeana hivyo, mama na mwanawe, na kila mmoja akamwambia mwenzake ajitunze.

Nilimwambia baba nakuja. Akakataa katakata. Binamu zangu wanapokezana pale wodini, baba mkubwa yupo, nusu ya ukoo ipo. Nitasema nimetua na ndege gani? Na mama akiniona atadhani nimeacha shule kwa ajili yake, au atajua kwamba mume na mtoto wamemfanya mjinga muda wote huu, na hayo si mambo ya kumwambia mtu anayekwenda kupasuliwa. Nikamuuliza baba, je, likitokea la kutokea? Sauti yake ilikuwa inatetemeka, lakini akanijibu.

"Kutoka Ulaya hakuna anayewahi mazishi. Watu wataelewa."

Tangu aseme hivyo nina hasira naye, na namwonea huruma pia, maana najua analia. Hasira zaidi ninazo kwangu mimi. Shahada yangu ni halali, nimeitolea jasho, umebaki mtihani mmoja tu. Sikuwa na sababu ya kuona haya kuisomea kwenye nchi niliyozaliwa. Ningesimama sengu siku ile nikasema mwenyewe, wangenicheka wiki moja, yangekwisha.

Basi la kwenda Mbinga linaondoka hapa alfajiri na tiketi nimeshakata. Nikienda, namvua baba nguo mbele ya ndugu zake, na sijui mama atanipokeaje. Nisipokwenda na mama asiamke, atakuwa ameondoka akiamini mwanawe yuko ng'ambo ya bahari, wakati nilikuwa mwendo wa asubuhi moja tu kutoka kitandani kwake. Ndugu zangu, msinitukane, niambieni tu. Nipande hilo basi, au niendelee kukaa Ulaya?