Ufagio wa Bayumi

Jirani yangu Bayumi alizaliwa usingizini. Mkunga alimpiga kofi alie, yeye akapiga mwayo, na mpaka leo hapa Dimyati hajaamka sawasawa. Ujanani alifuga njiwa juu ya paa. Ugonjwa ulipowamaliza, akafungua ukumbi wa michezo ya video: runinga sita za mchezo wa mpira, na pembeni mashine moja kuukuu yenye mchezo wa njiwa. Njiwa huyo haui mtu wala hafungi bao. Anaruka tu juu ya mapaa, polepole, jua halizami. Bayumi akimtazama utadhani amerudishiwa njiwa wake.

Juzi vijana wakamjia juu. Wail, mwenye mdomo kama honi, ndiye aliyewasemea.

"Ami Bayumi, hiyo takataka mpe mnunuzi wa vyuma chakavu, atuachie nafasi ya runinga ya saba. Sote twapenda mpira!"

"Nyote?"

"Waulize!"

Akawauliza. Kila mmoja alimtazama mwenzake kwanza, ndipo akasema ndiyo.

Bayumi akaja kwangu macho mekundu. "Mama, mnunuzi anakuja Alhamisi. Nifanyeje, wengi wameshasema."

"Ukumbi nani anaufagia?"

"Mimi."

"Sasa midomo waiulizia nini? Uliza ufagio."

Maana hapa kwetu hakuna anayekaa bila mbegu za tikiti za kukaanga. Aliyechoshwa na mchezo hutafuna, aliyependa husahau kwamba ana meno. Chini ya zile runinga za mpira maganda hufika magotini. Mwaka jana kuku wangu alipotelea humo, akatoka na vifaranga tisa.

Alhamisi alasiri tukafagia mbele ya wote. Kwenye mpira, ndoo mbili za maganda. Kwa njiwa, hakuna hata ganda moja. Zilikuwepo mbegu nzima tu, zimewaponyoka watu mikononi.

"Za nani hizi?" Bayumi akauliza.

Wail akainama. "Mimi nilikuwa nangoja zamu yangu tu."

"Zamu gani?" Hamdi, rafiki yake, akadakia. "Tumekuita mara tatu, kiziwi we!"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Wail naye akacheka, kisha akasema kwa sauti ndogo: "Lakini wenzangu wote wako kwenye mpira, ami. Kwa njiwa nitamtania nani?"

Hilo nalo kweli. Bayumi akaiburuta mashine mpaka katikati ya runinga, ili anayeruka asikose wa kumtania.

Ndipo mnunuzi wa vyuma akaingia. "Iko wapi?" Akaishika mashine kwa kijiti chake cha kuchezea, aivute. Njiwa akaruka. Mnunuzi akaketi taratibu, mbegu zake zikisahaulika ngumini, na mapaa yakampitia machoni, na nguo kwenye kamba, na minara, na mto unaong'aa.

Nje, punda wake alingoja, akangoja, mwisho akageuza mkokoteni mtupu na kurudi nyumbani peke yake.